Fasihi ya Wasami: Kutoka ngoma zilizochomwa hadi vitabu vya tuzo

WASAMI ni wenyeji wa asili wa kaskazini kabisa mwa bara la Ulaya, eneo ambalo wao wenyewe huliita Sápmi. Eneo hilo halina mipaka yake katika ramani za kisiasa, kwa kuwa limegawanywa baina ya nchi nne, yaani Norwe, Uswidi, Ufini na Urusi. Idadi ya watu hao hukadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 100,000, na walio wengi wanaishi Norwe.

Licha ya uchache huo, Wasami wana fasihi yao wenyewe, yenye wachapishaji wake, chama chake cha waandishi na nafasi yake katika tuzo kubwa za vitabu za nchi za Nordiki. Ni fasihi ya watu ambao kwa karne nyingi walikuwa wakiandikwa na wageni, kabla ya kushika kalamu na kujieleza.

Hata hivyo, mafanikio hayo yameacha swali zito ambalo kila mwandishi wa Kisami hulikabili kwa namna yake. Je, aandike kwa lugha ya mama, ambayo wasomaji wake ni wachache, au aandike kwa lugha ya dola ile ile iliyowahi kuifukuza lugha yake madarasani?

Lugha tisa, watu mmoja

Kwanza ieleweke kuwa hakuna lugha moja ya Kisami. Wataalamu wa isimu kwa kawaida hutaja lugha tisa zilizosalia, zote zikiwa katika familia ya Kiurali, pamoja na Kifini na Kihungari. Hazina undugu na Kinorwe wala Kiswidi. Baadhi ziko mbali mno na nyingine, kiasi kwamba msemaji wa Kisami cha Kaskazini na yule wa Kisami cha Kusini hawawezi kuelewana kwa urahisi.

Kisami cha Kaskazini ndicho chenye wasemaji wengi zaidi, wapatao 20,000, na ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya fasihi andishi. Lugha nyingine zina wasemaji wachache sana, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) limeziorodhesha zote kuwa zimo hatarini.

Aidha, si kweli kwamba kila Msami ni mfugaji wa kulungu wa kaskazini, kama wageni wengi wanavyodhani. Ufugaji huo ni nguzo ya utamaduni wao, lakini wengi walikuwa wavuvi wa baharini, wavuvi wa mtoni na wakulima wadogo. Tofauti hizo za maisha zinaonekana pia katika vitabu vyao.

Joik: fasihi kabla ya herufi

Kabla ya maandishi, hazina kubwa ya fasihi ya Wasami ilikuwa katika ngano, visasili na hasa uimbaji wa kale unaojulikana kwa jina la joik, ambao kwa Kisami cha Kaskazini huitwa luohti. Joik inaweza kuwa na maneno machache sana, au isiwe na maneno kabisa ila sauti na mapigo. Wasami husisitiza kuwa mwimbaji haimbi juu ya mtu fulani, bali humwimba mtu mwenyewe, kana kwamba anamleta mbele ya wasikilizaji. Mtu, mnyama na hata mlima huweza kuwa na joik yake.

Kulikuwa pia na joik ndefu zenye masimulizi. Harald Gaski, mhakiki mashuhuri wa fasihi hiyo na mwenyewe Msami, ameonyesha jinsi baadhi ya tungo hizo zilivyobeba maana mbili. Mgeni aliyezisikia alipata maana moja, na mwenyeji aliyejua mila alipata nyingine, ya kuwapinga waliokuja kuchukua ardhi. Waswahili husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na hivyo ndivyo tungo hizo zilivyofanya kazi.

Katika karne ya 17 na ya 18, wamisionari na maofisa wa wafalme wa Denmaki na Uswidi waliendesha kampeni dhidi ya dini ya asili ya Wasami. Ngoma za waganga wao, walioitwa noaidi, zilikamatwa na kuchomwa moto au kupelekwa katika makumbusho ya miji ya mbali. Joik nayo ilihesabiwa kuwa dhambi, kwa kuwa ilihusishwa na waganga hao.

Mfano unaotajwa sana ni wa Anders Poulsen, mzee aliyenyang'anywa ngoma yake mwaka 1691 na kushitakiwa kwa uchawi huko Vadsø, kaskazini mwa Norwe. Aliuawa mwaka 1692 akiwa kizuizini, kabla hukumu haijatolewa. Ngoma hiyo ilipelekwa Copenhagen, na ni mwaka 2022 tu ambapo umiliki wake ulirejeshwa kwa makumbusho ya Wasami yaliyoko Karasjok.

Kalamu mikononi mwa wageni

Vitabu vya kwanza katika lugha ya Kisami vilichapishwa mwaka 1619, navyo vilikuwa kitabu cha kujifunzia alfabeti na kitabu cha ibada. Vilitayarishwa na kasisi wa Uswidi kwa ajili ya kazi ya kanisa, na kwa muda mrefu maandishi ya Kisami yalibaki kuwa ya dini.

Mwaka 1673 msomi Johannes Schefferus wa Chuo Kikuu cha Uppsala alitoa kwa Kilatini kitabu kuhusu Wasami kiitwacho Lapponia. Ndani yake ziliwekwa nyimbo mbili za mapenzi alizopewa na mwanafunzi Msami aliyeitwa Olaus Sirma. Nyimbo hizo zilitafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya na kuwavutia washairi wakubwa, akiwamo Mjerumani Johann Gottfried Herder. Kwa maneno mengine, ushairi wa Kisami ulisomwa Ulaya zaidi ya miaka mia mbili kabla Wasami hawajawa na vitabu vyao vya fasihi.

Katika karne ya 19, kasisi Anders Fjellner (1795-1876), ambaye alikuwa Msami, alihifadhi na kutunga utenzi wa kishujaa kuhusu mwana wa Jua anayesafiri hadi nchi ya majitu kutafuta mchumba. Wataalamu wamebishana kuhusu ni kiasi gani cha utenzi huo kilitoka katika mapokeo na kiasi gani kilitoka kichwani mwa Fjellner mwenyewe. Pamoja na ubishi huo, picha ya Wasami kuwa watoto wa Jua ilishika mizizi na ingali hai katika mashairi ya leo.

Sauti nyingine ilitoka gerezani. Mwaka 1852 kundi la Wasami lilifanya uasi huko Kautokeino, kaskazini mwa Norwe, na viongozi wawili walikatwa vichwa mwaka 1854. Kijana Lars Hætta alihukumiwa kifo lakini akanusurika kutokana na umri wake mdogo. Akiwa kifungoni aliandika kumbukumbu kwa Kisami na kushiriki katika kazi ya kutafsiri Biblia.

Johan Turi na kitabu cha kwanza

Hatua kubwa ilifikiwa mwaka 1910, kilipochapishwa kitabu cha Johan Turi, Muitalus sámiid birra, jina linaloweza kufasiriwa kuwa Simulizi kuhusu Wasami. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kisicho cha dini kuandikwa na Msami kwa Kisami.

Turi (1854-1936) hakuwa msomi wa vyuo. Alikuwa mwindaji wa mbwa mwitu kaskazini mwa Uswidi. Mwaka 1904 alikutana ndani ya treni na msanii kutoka Denmaki, Emilie Demant, aliyekuwa na shauku ya kujua maisha ya Wasami. Kwa msaada wake, Turi aliandika katika mwaka 1908 mambo aliyokuwa akiyafikiria kwa miaka mingi, na Demant akayapanga na kuyatafsiri kwa Kidenmaki. Gharama za uchapishaji zilibebwa na Hjalmar Lundbohm, mkurugenzi wa mgodi wa chuma wa Kiruna, mgodi uliojengwa katika ardhi ya malisho ya Wasami.

Kitabu kinaeleza uhamaji wa mifugo, uwindaji, tiba, ngano na joik. Lakini msingi wake ni utetezi. Turi aliamini kuwa wakubwa wa serikali walikuwa wakiamua mambo ya Wasami bila kuyafahamu, na kwamba Msami aliposimama mbele yao alishindwa kujieleza. Maandishi yangeweza kusema kwa niaba yake. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1912, Kiswidi mwaka 1917 na Kiingereza mwaka 1931.

Turi hakuwa peke yake. Mwaka 1904 Elsa Laula, mwanamke wa Kisami cha Kusini, alitoa kijitabu kwa Kiswidi akihoji iwapo watu wake walikuwa wakielekea uzimani au mautini. Ndiye pia aliyekuwa nguzo ya mkutano mkuu wa Wasami uliofanyika Trondheim Februari 6, 1917, siku ambayo sasa huadhimishwa kuwa Sikukuu ya Taifa la Wasami.

Mwalimu Isak Saba alichapisha mwaka 1906 shairi ambalo mwaka 1986 lilikubaliwa kuwa wimbo wa taifa wa Wasami. Lilitokea katika gazeti la Sagai Muittalægje lililohaririwa na mwalimu mwenzake, Anders Larsen. Larsen naye alitoa mwaka 1912 riwaya ya kwanza ya Kisami, Beaive-álgu, yaani Mapambazuko, inayosimulia kijana anayevunjwa moyo na aibu aliyofundishwa kuionea asili yake. Upande wa Ufini, Pedar Jalvi alitoa mwaka 1915 mkusanyo mdogo wa mashairi na hadithi, na mwaka uliofuata akatoweka akiwa safarini.

Miaka ya ukimya

Mapambazuko hayo hayakufuatwa na mchana. Nchini Norwe, sera ya kuwageuza Wasami kuwa Wanorwe ilikuwa imeshika kasi. Maagizo ya mwaka 1898 yalitaka Kisami kitumike shuleni pale tu ilipokuwa lazima kabisa, na sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilifungamanisha ununuzi wa ardhi ya serikali huko Finnmark na kujua Kinorwe. Watoto walipelekwa katika shule za bweni, mbali na wazazi wao.

Uswidi ilifuata njia nyingine. Watoto wa wafugaji waliwekewa shule zao maalumu za wahamaji kuanzia mwaka 1913, zenye elimu ya kiwango cha chini, kwa hoja kwamba Msami abaki kuwa Msami.

Katika Umoja wa Kisovyeti, alfabeti iliyotengenezwa kwa ajili ya Wasami wa Kola katika miaka ya 1930 iliachwa baada ya muda mfupi, na Wasami kadhaa waliangamia katika msako wa kisiasa wa mwaka 1937 na 1938. Ilichukua muda mrefu kabla ya mshairi Oktyabrina Voronova (1934-1990) kutoa diwani kwa lugha yake, karibu na mwisho wa maisha yake.

Matokeo ya sera hizo yanaonekana hadi leo. Kizazi kizima kilikua kikizungumza Kisami nyumbani bila kujua kukisoma wala kukiandika. Norwe ilianza kufundisha watoto wa madarasa ya mwanzo kwa Kisami mwaka 1967 tu. Mwandishi aliyetaka kutunga alikuwa na lugha, lakini hakuwa na wasomaji.

Mto Alta na mwamko mpya

Mwamko wa pili ulianza katika miaka ya 1970. Mwaka 1971 Kirsti Paltto wa Ufini alitoa mkusanyo wa hadithi fupi, na kuwa mwanamke wa kwanza kuchapisha kitabu cha fasihi kwa Kisami. Mwaka 1974 Paulus Utsi wa Uswidi alitoa diwani aliyoiita Giela giela. Jina hilo linachezea maneno mawili yanayoandikwa sawa, moja likiwa na maana ya kutega na jingine lugha, hivyo kumtaka msomaji ainase lugha kama mwindaji anavyonasa windo lisimponyoke. Utsi aliandika pia juu ya malisho yaliyozamishwa na mabwawa ya umeme.

Suala hilo la mabwawa ndilo lililowaunganisha Wasami kisiasa. Mradi wa kuzalisha umeme katika Mto Alta, ambao awali ungezamisha kijiji cha Máze, ulizua maandamano makubwa kati ya mwaka 1979 na 1981. Vijana wa Kisami walipiga hema mbele ya Bunge mjini Oslo na kugoma kula. Miongoni mwao alikuwamo Synnøve Persen, msanii ambaye baadaye alipata sifa kwa mashairi yake. Bwawa lilijengwa, lakini nchi haikurudi ilikokuwa. Sheria ya Wasami ilipitishwa mwaka 1987, na Bunge la Wasami wa Norwe likafunguliwa mwaka 1989. Uswidi ilifuata mwaka 1993 na Ufini mwaka 1996.

Kwa upande wa fasihi, mwaka 1979 ulikuwa na uzito wa pekee. Ndipo ilipoanza kutumika tahajia moja ya Kisami cha Kaskazini kwa nchi tatu, badala ya mifumo iliyokuwa ikitofautiana kutoka nchi hadi nchi. Mwaka huo huo waandishi waliunda chama chao. Kitabu kilichochapishwa Norwe sasa kiliweza kusomwa Ufini na Uswidi bila kikwazo cha herufi.

Áillohaš na picha zilizorudishwa nyumbani

Aliyeifikisha fasihi hiyo mbele ya dunia ni Nils-Aslak Valkeapää (1943-2001), anayejulikana zaidi kwa Kisami kama Áillohaš. Alizaliwa Ufini katika familia ya wafugaji, akasomea ualimu, na akawa mwimbaji wa joik, mchoraji, mwanaharakati na mshairi. Santuri yake ya joik ya mwaka 1968 iliufufua uimbaji uliokuwa ukionewa haya.

Mwaka 1988 alitoa Beaivi áhčážan, yaani Jua, baba yangu, kitabu kilichomletea mwaka 1991 Tuzo ya Fasihi ya Baraza la Nordiki. Alikuwa Msami wa kwanza kuipata.

Kitabu hicho kinachanganya mashairi na mamia ya picha za zamani za Wasami. Picha nyingi zilipigwa na watafiti na wasafiri, zikahifadhiwa katika makumbusho na nyaraka za nchi mbalimbali, ambako watu waliopigwa hawakuwa na majina bali vielelezo vya kabila. Valkeapää alizikusanya na kuziweka ndani ya kitabu cha Kisami, kama albamu ya ukoo. Kwa sababu hiyo tafsiri za kitabu hicho zilitolewa bila picha. Msomaji wa nje alipewa mashairi, lakini picha zilikuwa zimekwisha kurudi nyumbani.

Katika sehemu moja maneno yametawanywa kurasa kwa kurasa kama kundi la kulungu linalohama, yakiwa ni majina mengi ambayo Wasami huwaita wanyama hao. Sehemu hiyo haikutafsiriwa. Lugha nyingine hazina maneno ya kutosha kulijaza kundi hilo.

Waandishi wa leo na swali la lugha

Kizazi cha sasa kimetawanyika katika njia tofauti. Sigbjørn Skåden wa Norwe huandika kwa Kisami na kwa Kinorwe. Máret Ánne Sara aliandika kwa Kisami riwaya ya vijana, Ilmmiid gaskkas (2013), iliyoteuliwa kuwania tuzo ya vitabu vya watoto ya Baraza la Nordiki. Niillas Holmberg, mshairi kutoka Ufini, aliandika kwa Kifini riwaya ya Halla Helle mwaka 2021.

Wakati huo huo, vitabu vya Wasami vilivyouzwa sana katika miaka ya karibuni vimeandikwa kwa Kiswidi. Linnea Axelsson alipata Tuzo ya August mwaka 2018 kwa Ædnan, utenzi wa zaidi ya kurasa 700 kuhusu familia mbili za Kisami katika karne nzima. Elin Anna Labba alipata tuzo hiyo kwa upande wa vitabu visivyo vya kubuni mwaka 2020, kwa kitabu kuhusu familia zilizohamishwa kwa nguvu kutoka malisho yao ya kaskazini baada ya mkataba wa Norwe na Uswidi wa mwaka 1919. Riwaya ya Ann-Helén Laestadius, Stöld (2021), inayosimulia binti anayeshuhudia kulungu wake akiuawa huku polisi wakikaa kimya, ilitengenezewa filamu mwaka 2024.

Wapo wanaoona kuwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiswidi au Kinorwe si fasihi ya Kisami kamili, kwa kuwa kinaiacha lugha ikififia. Wengine hujibu kwamba waandishi hao hawakuichagua lugha ya dola. Walirithishwa na shule zilizowanyamazisha babu na bibi zao, na kuwanyima jina la waandishi wa Kisami ni kuwaadhibu mara ya pili.

Ukweli wa soko unaikabili kila hoja. Wachapishaji kama Davvi Girji wa Karasjok na DAT wa Kautokeino hawawezi kuishi kwa mauzo pekee, na hutegemea ruzuku, hasa kutoka Bunge la Wasami wa Norwe. Lugha ndogo zaidi, kama Kisami cha Kusini, zina hali ngumu zaidi, kwani kila kitabu huandikwa kwa wasomaji wanaohesabika kwa mamia.

Serikali nazo zimeanza kukiri yaliyopita. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Norwe iliwasilisha ripoti yake Juni 2023, na Novemba 2024 Bunge la nchi hiyo liliomba radhi kwa sera ya kuwageuza Wasami na jamii nyingine mbili kuwa Wanorwe. Mengi yaliyomo katika ripoti hiyo yalikuwa yamekwisha kuandikwa na washairi na waandishi wa riwaya miaka mingi kabla.

Msamaha, hata hivyo, haumfundishi mtoto kusoma. Turi aliandika mwaka 1908 ili wenye mamlaka wawaelewe Wasami, na zaidi ya karne moja baadaye lengo hilo linaelekea kutimia, kwa kuwa vitabu vya Wasami vinasomwa Stockholm, Oslo na mbali zaidi. Kilichobaki ni kumpata msomaji wa pili, yaani mtoto wa Kisami atakayekifungua kitabu hicho katika lugha ya bibi yake na kukielewa bila tafsiri. Mustakabali wa fasihi hiyo utaamuliwa na shule za vijijini huko kaskazini kuliko na majopo ya tuzo.